Jina Kato: Maana, Asili na Nafasi Yake katika Kumbukumbu za Kiraia Jijini Kampala

IKISIRI

Makala haya yanachunguza maana na asili ya Kato, jina la kiume linalosikika kila siku jijini Kampala. Tofauti na majina mengi ya Kiganda, Kato si mali ya ukoo wowote. Hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa wa pili katika pacha, na hivyo huwa na mwenzake daima, hata pale mwenzake huyo anapokuwa amefariki. Kwa kulinganisha majina ya mapacha katika lugha za Maziwa Makuu, lugha za Kiluo na Kiswahili, makala yanabainisha kwamba Kato limejengwa kwa mzizi wenye maana ya uchanga na kiambishi cha udogo, na kwamba linapatikana kwa sura mbalimbali kutoka Buganda hadi Rwanda. Hoja kuu ni kwamba Kato ni jina la uhusiano: linaeleza nafasi ya mtu mbele ya ndugu zake. Fomu za kiraia zinazotaka kila mtu awe na jina la familia huigeuza taarifa hiyo kuwa kitu kingine, na wakati mwingine huwafanya ndugu wa tumbo moja waonekane kuwa wageni. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza hatua zinazoweza kuchukuliwa na mamlaka za usajili na taasisi za Kiswahili za kikanda.

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa majina ya watu katika Afrika Mashariki umejikita kwa muda mrefu katika maana: jina fulani lina maana gani katika lugha fulani, na hutolewa katika mazingira gani. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Jina la mtu huishi pia nje ya kaya. Huandikwa katika cheti cha kuzaliwa, katika orodha ya shule, katika kitambulisho, katika hati ya ardhi na katika maombi ya mirathi. Katika kila hatua, mtu asiyeifahamu familia husika hulisoma jina na kufanya uamuzi kutokana na anavyolielewa.

Kampala ni mahali panapofaa kulichunguza suala hili. Jiji hili limejengwa katika ardhi ya Buganda, na kwa hiyo desturi za Kiganda za kutoa majina zina nguvu kubwa ndani yake. Hata hivyo, wakazi wake wanatoka katika pembe zote za Uganda na katika nchi jirani. Ofisa anayepokea fomu jijini humo anaweza kukutana asubuhi moja na Kato wa Buganda, Kato wa Bunyoro na Kato wa Ankole, na baada yao akapokea fomu za Tenywa, Ocen na Odongo. Anayejua mfumo wa majina hayo huona mara moja kwamba watu hawa wote wanahusiana na uzazi wa mapacha. Asiyejua huona majina ya familia tu.

Makala yameegemea maandishi ya kihistoria na kiethnografia kuhusu Buganda na Bunyoro, ulinganishi wa maumbo ya maneno katika lugha za Kibantu, na desturi za utoaji majina zinazojulikana hadharani katika jamii zinazohusika.

2.0 Mkabala: Jina linaloeleza

Katika falsafa ya lugha, mjadala wa majina ya pekee huanzia mara nyingi kwa John Stuart Mill, ambaye katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843 alishikilia kwamba jina la pekee humtaja mtu bila kueleza sifa yake yoyote. Kwa mtazamo huo, jina ni alama tu iliyobandikwa.

Majina mengi ya Afrika Mashariki hayakubaliani kwa urahisi na mtazamo huo. Jina Juma humtaja mtu, lakini pia hudokeza siku aliyozaliwa. Jina Masika hudokeza majira. Hata hivyo, majina ya aina hii hueleza tukio linalomhusu mtu mmoja. Kato huenda hatua moja zaidi. Haliwezi kuelezwa kikamilifu bila kumtaja mtu mwingine. Kusema kwamba fulani ni Kato ni kusema kwamba yupo, au aliwahi kuwapo, aliyemtangulia kutoka katika tumbo lile lile, siku ile ile. Kwa sababu hiyo makala haya yanaliita jina la uhusiano. Neno hilo linatumika hapa kwa maana ya jina ambalo maana yake inategemea nafasi ya mwenye jina katika kundi la ndugu.

3.0 Asili na umbo la jina

Katika Luganda, mzizi -to hubeba dhana ya uchanga au umri mdogo. Neno omuto humaanisha mtu mwenye umri mdogo, na obuto ni utoto. Kiambishi ka- ni cha ngeli ya 12, ambayo katika Luganda hutumika kuonyesha udogo: omwana ni mtoto, akaana ni kitoto. Kato basi ni muungano wa vipashio viwili vinavyoelekea upande mmoja, na maana yake ya msingi ni "yule mdogo". Msomaji wa Kiswahili hapati shida kuutambua mzizi huu, kwa kuwa unashabihiana waziwazi na -toto katika maneno mtoto, kitoto na utoto.

Kwa mtoto wa kike, Luganda huongeza kiambishi cha uke na kupata Nakato. Katika Runyoro umbo la kike ni Nyakato. Mpangilio huu unaonyesha kwamba Kato ndilo shina, na kwamba umbo la kike limeundwa juu yake.

Ushahidi wa kuvutia zaidi unatoka kusini na magharibi ya Buganda. Katika Ankole na Kigezi, pacha wa kwanza wa kiume huitwa Kakuru na wa pili Kato. Majina haya mawili yamejengwa kwa ulinganifu kamili: -kuru ni ukubwa, mzizi unaolingana na -kuu katika Kiswahili mkuu, na -to ni udogo. Nchini Rwanda jozi hiyo hiyo huitwa Gakuru na Gato. Tofauti ya sauti ya kwanza inaelezwa na kanuni ya kifonolojia inayojulikana kwa wanaisimu wa Kibantu kama Kanuni ya Dahl, ambayo kwayo sauti k hugeuka kuwa g pale silabi inayofuata inapoanza kwa kipasuo kisicho na ghuna. Kinyarwanda kina kanuni hiyo. Luganda na Runyankole hazina. Gato wa Kigali na Kato wa Kampala wana jina moja. Nchini Burundi jozi ni Bukuru na Butoyi, ambapo mizizi ya ukubwa na udogo inajitokeza tena, safari hii ikiwa na kiambishi bu- badala ya ka-.

Inafaa kutaja kwamba Katō, jina la familia linalojulikana sana nchini Japani, halina uhusiano wowote na jina hili. Kufanana kwao ni kwa bahati tu, ingawa katika hifadhidata za kimataifa zinazotumia herufi za Kilatini maumbo hayo mawili huandikwa kwa namna moja.

4.0 Kato katika mfumo wa majina ya mapacha

4.1 Mfumo wa Buganda

Majina ya Kiganda kwa kawaida humilikiwa na koo. Kila ukoo una hazina yake ya majina ya kiume na ya kike, na mtu anayezijua koo anaweza kulisikia jina akajua mwenye jina ni wa Ngabi, wa Mmamba au wa Ffumbe. Kwa kuwa baba na mwana huweza kupewa majina mawili tofauti kutoka katika hazina hiyo, jina la familia linalorithiwa na watoto wote halikuwa sehemu ya utaratibu huu.

Majina ya mapacha hukata koo zote. Wavulana wawili huitwa Wasswa na Kato. Wasichana wawili huitwa Babirye na Nakato. Mvulana akitangulia na msichana akafuata, huwa Wasswa na Nakato. Msichana akitangulia, huwa Babirye na Kato. Jina Kato kwa hiyo hutoa taarifa mbili za uhakika, yaani kwamba mwenye jina ni mwanamume na kwamba alizaliwa wa pili. Haliashirii ukoo wake, wala haliashirii iwapo pacha mwenzake ni wa kiume au wa kike. Ndiyo maana Kato huambatana na jina jingine la Kiganda, kama lilivyoambatana na Lubwama katika jina la marehemu Kato Lubwama, mwigizaji wa Kampala aliyekuwa pia mbunge wa Rubaga Kusini.

Mfumo hauishii kwa mapacha wenyewe. Baba huitwa Ssalongo na mama Nnalongo, majina yenye mzizi unaopatikana katika abalongo, yaani mapacha. Haya ni majina ya heshima yanayochukua nafasi ya majina ya awali katika mazungumzo ya kila siku. Sokoni, msikitini na kanisani, mtu aliyezaa mapacha hataitwa tena kwa jina lake bila cheo hicho. Mtoto aliyewatangulia mapacha huitwa Kigongo. Anayewafuata huitwa Kizza, na anayemfuata Kizza huitwa Kamya. Uzazi mmoja wa mapacha, kwa hiyo, unaweza kuwapanga upya kimajina watu saba wa kaya moja.

Uzito huu una chanzo chake katika imani na ibada. John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu Baganda, alieleza kwamba kuzaliwa kwa mapacha kulihusishwa na Mukasa, lubaale wa ziwa, na kwamba wazazi walipaswa kufuata miiko na sherehe maalumu. Sherehe hizo, ambazo ngoma ya kuwachezea mapacha ni sehemu yake, zilihusisha upande wa baba na upande wa mama. Dhana ya upacha ilifika hata katika ikulu: kitovu cha Kabaka kiliitwa mulongo, yaani pacha, kikapambwa na kutunzwa na ofisa wa cheo cha Kimbugwe. Kwa maana hiyo, hata mfalme aliyezaliwa peke yake alikuwa na pacha.

Desturi ya lugha kuhusu kifo inathibitisha zaidi uzito huo. Pacha anapofariki, Waganda hawasemi kwamba amekufa. Husema abuuse, yaani ameruka au amepaa. Aliyebaki haachi kuwa Kato. Jina lake linaendelea kumhesabu aliyeondoka.

4.2 Mifumo ya jirani

Jedwali 1 linaonyesha majina ya mapacha wa kiume katika baadhi ya jamii ambazo watu wake wanakutana jijini Kampala au katika eneo pana la Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jedwali 1: Majina ya mapacha wa kiume

| Jamii | Pacha wa kwanza | Pacha wa pili |
|---|---|---|
| Baganda | Wasswa | Kato |
| Banyoro | Isingoma | Kato |
| Banyankole na Bakiga | Kakuru | Kato |
| Basoga | Waiswa | Tenywa |
| Wanyarwanda | Gakuru | Gato |
| Warundi | Bukuru | Butoyi |
| Walango na Waacholi | Opio (Opiyo) | Ocen |
| Wajaluo wa Kenya | Opiyo | Odongo |
| Wasukuma na Wanyamwezi | Kulwa | Doto |

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, Kato ni thabiti kuliko mwenzake. Jina la pacha wa kwanza hubadilika kutoka Wasswa kuwa Isingoma na kisha Kakuru, ilhali la pili hubaki lile lile katika jamii tatu za Uganda. Jina la anayewafuata mapacha nalo lina uthabiti wa namna hiyo: ni Kizza Buganda, Kiiza Bunyoro na Ciza Burundi.

Pili, jina moja linaweza kushika nafasi tofauti katika jamii zenye lugha za asili moja. Kwa Wajaluo wa Kenya, Odongo ni pacha wa pili, jina linalohusishwa na kitenzi chenye maana ya kubaki. Kwa Walango, pacha wa pili ni Ocen, aliyekuja nyuma. Anayewafuata mapacha ni Okello, na Odongo ni yule anayezaliwa baada ya Okello. Mtu anayetafsiri jina Odongo kuwa pacha mdogo atakuwa sahihi Kisumu na atakosea Lira. Jina haliwezi kusomwa bila kujua jamii lilikotoka.

Tatu, Kiswahili chenyewe kina jozi hii. Maneno kurwa na doto yanafahamika kwa wasomaji wa Kiswahili kama majina ya pacha wa kwanza na wa pili, na Muhammed Saleh Farsy aliyatumia kuwa jina la riwaya yake ya mwaka 1960 kuhusu maisha ya kijiji cha Unguja. Tofauti ni kwamba Kulwa na Doto hutumika kwa jinsia zote mbili, ilhali Luganda hutenga Kato na Nakato. Kato ni doto wa kiume.

Ulinganisho na Afrika Magharibi unaonyesha kwamba hata dhana ya "mdogo" si ya lazima. Kwa Wayoruba, Taiwo hutangulia kuzaliwa na Kehinde hufuata, lakini Kehinde ndiye anayehesabiwa kuwa mkubwa, kwa maelezo kwamba alimtuma mwenzake kwenda kuionja dunia. Katika eneo la Maziwa Makuu anayetangulia ndiye mkubwa, na umbo la jina Kato lenyewe linalisema hilo.

5.0 Kato katika historia ya kifalme

Kwa kuwa Kato hubeba dhana ya kuwa wa pili, jina hili limewahi kutumika kama hoja ya kisiasa. Mfano bora unatokana na simulizi za Bunyoro na Buganda kuhusu Kimera, anayehesabiwa kuwa Kabaka wa tatu wa Buganda.

Katika mapokeo ya Bunyoro, kama yalivyoandikwa na John Nyakatura katika historia yake ya wafalme wa Bunyoro-Kitara iliyochapishwa mwaka 1947, Isingoma Mpuga Rukidi, mwanzilishi wa nasaba ya Babiito, alikuwa na pacha wake mdogo aliyeitwa Kato. Kato huyo ndiye aliyekwenda kutawala Buganda na kujulikana kama Kimera. Mapokeo ya Buganda hayasemi hivyo. Kwa upande huo, Kimera ni mwana wa Kalemeera, aliyezaliwa Bunyoro na mwanamke aitwaye Wannyana, kisha akarudi kushika kiti cha babu zake. Katika simulizi hii ya pili hakuna pacha.

Tofauti hiyo ina uzito. Kumwita Kimera kwa jina Kato ni kudai kwamba Buganda ilianza kama tawi la Bunyoro, na kwamba mfalme wake alistahili kumheshimu mkubwa wake. Kumnyima jina hilo ni kuikana hoja yote. Silabi mbili zinatosha kubeba mgogoro wa ukubwa kati ya falme mbili. Wakati huo huo, Waganda wengi humtaja mwanzilishi wa ufalme wao kwa jina Kato Kintu, jambo linaloonyesha kwamba jina hili halina fedheha ndani yake. Kinachobadilika ni nani anayetajwa kuwa mwenzake.

6.0 Kato jijini Kampala: dini, tahajia na fomu

Uislamu uliingia katika ikulu ya Buganda mwaka 1844. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879. Dini hizi zilileta majina mapya, lakini hazikuliondoa jina Kato. Badala yake, jozi za kidini zilipandikizwa juu ya jozi ya Kiganda. Katika familia za Kiislamu, Wasswa mara nyingi huitwa Hassan na Kato huitwa Hussein, kwa kufuata majina ya wajukuu wa Mtume, ingawa wao hawakuwa mapacha. Katika familia za Kikristo, jozi ya Petero na Paulo hutumika kwa namna hiyo. Jina la kidini likajifunza kufanya kazi ya jina la uhusiano.

Tahajia ni suala la pili. Tahajia sanifu ya Luganda, iliyokubaliwa katika mkutano wa mwaka 1947, huandika konsonanti zilizokazwa kwa herufi mbili. Kwa hiyo tunaona Wasswa na Waswa, Ssalongo na Salongo, Nnalongo na Nalongo. Kato halina konsonanti ya namna hiyo na huandikwa kwa njia moja tu. Matokeo yake ni kwamba, katika jozi moja ya mapacha, jina la mmoja linaweza kutofautiana kutoka cheti hadi cheti wakati la mwenzake halibadiliki.

Suala la tatu ndilo zito zaidi. Uganda iliendesha uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya taifa mwaka 2014, na Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 ikaanzisha Mamlaka ya Taifa ya Utambulisho na Usajili. Kitambulisho kina sehemu mbili za jina: jina la familia na jina la kupewa. Mpangilio huu unadhani kwamba kila mtu ana jina analoshiriki na ndugu zake na jingine lililo lake peke yake.

Kato haliingii vizuri katika sehemu yoyote kati ya hizo. Halishirikiwi na ndugu, kwa kuwa katika tumbo moja la mapacha Kato ni mmoja. Wala si la kuchaguliwa kwa hiari, kwa kuwa hutolewa na tukio la kuzaliwa. Likiandikwa katika sehemu ya jina la familia, linasema kitu kisicho kweli: kwamba watu wote wenye jina hilo wana asili moja, na kwamba Wasswa na Kato wana asili mbili.

Chukulia mfano wa mapacha wawili ambao mmoja ameandikwa Wasswa na jina moja la ukoo wa baba yake, na mwingine Kato na jina jingine la ukoo huo huo. Kwa desturi, majina yao ni ushahidi kamili wa undugu. Hakuna Mganda anayehitaji kuelezwa. Katika fomu, hawana hata jina moja la pamoja. Baba yao akifariki na suala la mirathi likafika mbele ya ofisa anayetafuta jina linalofanana, ndugu waliolala tumbo moja watalazimika kuthibitisha kwamba si wageni. Mfumo umesoma tofauti mahali ambapo utamaduni umeandika ukaribu.

Kinyume chake pia hutokea. Mtoto anapoandikishwa kwa jina la baba yake, Kato linaweza kurithiwa na mtoto aliyezaliwa peke yake, na hata na binti. Busoga inaonyesha mwelekeo unaofanana: Isabirye ni cheo cha baba wa mapacha, lakini leo wapo watu wanaoitwa hivyo tangu utotoni. Hakuna sababu ya kuliita badiliko hili uharibifu, kwa kuwa majina hubadilika daima. Ila mtafiti hawezi tena kuchukulia kwamba kila Kato katika orodha ni pacha, na ofisa hawezi kuchukulia kwamba kila Kato ni wa familia moja.

7.0 Athari kwa sera

Kutokana na uchambuzi huu, hatua nne zinapendekezwa.

Kwanza, undugu uthibitishwe kwa rekodi za wazazi, si kwa kufanana kwa majina. Rekodi ya kuzaliwa inayomtaja baba na mama ni ushahidi imara zaidi kuliko jina la familia katika jamii ambazo hazikuwa na jina la familia. Ofisi za mirathi, shule na uhamiaji zinapaswa kuelekezwa hivyo kwa maandishi.

Pili, mamlaka za usajili zitumie nafasi ambayo viwango vya kimataifa vinawapa. Kiwango cha hati za kusafiria kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hakilazimishi jina la familia. Huzungumzia kitambulishi cha msingi na kitambulishi cha ziada, na huliachia taifa linalotoa hati kuamua sehemu ipi ya jina iwekwe wapi. Mwongozo wa kitaifa unaweza kueleza kwamba, pale mtu anapokuwa na jina la pacha na jina la ukoo, jina la ukoo ndilo liwe la msingi, isipokuwa mwenyewe akitaka vinginevyo.

Tatu, programu za kutafutia majina ziwe na orodha ya tahajia zinazolingana, ili Wasswa na Waswa, Kizza na Kiiza, zisomwe kama sura za jina moja bila kumlazimu mwananchi kubadilisha hati zake. Kubadilisha jina kisheria, ambako nchini Uganda huambatana na tangazo katika Gazeti la Serikali, ni mzigo usiostahili kubebeshwa mtu kwa ajili ya herufi moja.

Nne, Kiswahili kitumike kueleza majina bila kuyatafsiri. Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Faharasa ya kikanda ya majina ya mapacha, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuonyesha jamii, jinsia, nafasi na tahajia ya kila jina, ingemwezesha ofisa wa Mwanza kulisoma jina la mtu wa Masaka, na wa Kampala kulisoma la mtu wa Gitega. Ofisa huyo asimwandike Kato kuwa Doto. Ajue tu kwamba nafasi yao ni moja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kato ni jina lenye umbo rahisi na kazi nzito. Kiisimu, ni mzizi wa uchanga uliovikwa kiambishi cha udogo, na ndugu zake wanaonekana katika Gato wa Rwanda na Butoyi wa Burundi. Kijamii, ni sehemu ya mfumo unaowapanga wazazi, mapacha na watoto waliowatangulia na kuwafuata. Kihistoria, limebeba dai la ukubwa kati ya falme. Kiutawala, limewekwa katika visanduku ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yake.

Kinachounganisha mambo haya yote ni kwamba Kato halisimami peke yake. Anayelisoma anapaswa kuuliza nani alitangulia. Kwa mtafiti, swali hilo hufungua njia ya kuuelewa mfumo mzima wa undugu. Kwa mtunga sera, linakumbusha kwamba fomu inayomtaja mtu mmoja mmoja inaweza, bila kukusudia, kumfuta ndugu aliyemo ndani ya jina la mwenzake.